Bundala Gramafoni

Somanda, Bariadi
14 Februari 1993

Mdogo wangu Mayunga,

Mwangaluka. Nakusalimu salamu ya asubuhi kwa sababu asubuhi ndiyo saa pekee ninayoweza kushika kalamu bila kelele, na habari ya kelele nitakueleza. Sisi wazima. Mama mguu unamsumbua lakini mdomo hauna tatizo. Anakusalimu, na anauliza huko Tabora kuna ugonjwa gani unaokula mikono ya watu wasiweze kuandika. Mpwa wako Joyness ameingia darasa la saba. Mvua imenyesha vizuri kule shambani Zagayu, pamba imesimama, na kila mtu anasema mwaka huu atanunua baiskeli. Walisema hivyo hivyo mwaka jana.

Shemeji yako Bundala amefungua duka. Ndiyo, baada ya miaka tisa ya kukaa kimya na jembe. Tumepanga chumba hapa Somanda, kwenye njia ya kwenda hospitali, na ukiingia utashangaa. Unakumbuka duka la ushirika kule Kasoli, yeye meneja na wewe msaidizi wake, tulivyokuwa tunapanga foleni toka alfajiri kwa ajili ya kipande cha sabuni, na ukifika mbele unaambiwa sabuni imekwisha, chukua kiberiti? Sasa sabuni ziko za rangi tano. Kuna betri, kuna majani ya chai ya Kenya, kuna hata mafuta ya nywele ambayo sijui nani atayapaka. Vitu vipo. Wateja ndio wa mgawo.

Jirani yetu anaitwa Selestini, amerudi kutoka Mwanza na redio kaseti mbili na spika yenye ukubwa wa kabati. Ameiweka mlangoni kwake ikitazama kwetu, na anaiendesha kwa betri ya gari kuanzia saa mbili asubuhi mpaka jioni. Mteja akisimama kwetu inabidi apige kelele, na bado haisaidii. Juzi mama mmoja mlokole aliomba sindano akapewa sigara. Mzee Machibya wa Kasoli aliomba chumvi, shemeji yako akamletea chupi, na ilichukua muda kusameheana.

Ndipo ninapoukumbuka ule muziki wa duka la Kasoli. Ule haukupigwa ili ununue, maana cha kununua hakikuwepo. Ulipigwa ili usubiri. Gramafoni pale juu ya rafu tupu, santuri moja tu iliyobaki nzima, tena upande mmoja, na yule mzee wa sauti nzito akiimba polepole, polepole, mpaka unasahau ulikuja kufuata nini. Hakuna aliyejua ni lugha gani. Mama anashikilia kwamba anasema ng'ombe wamerudi. Katekista alisema ni Kilatini. Bundala anautaka wimbo huo kwa ajili ya duka lake, aupige kwa sauti ndogo, watu waingie wapumue. Huko stesheni unakofanya kazi wanapita wachuuzi wa kila namna. Tutafutie kaseti.

Kuna jambo jingine, nalo ndilo zito. Unajua kwamba siku ya kufunga na kukabidhi duka la ushirika, Desemba ile ya 1983, gramafoni haikuonekana, na funguo zilikuwa mkononi mwa shemeji yako. Kesi haikuwepo. Lilibaki jina. Mpaka leo, kutoka Kasoli mpaka hapa mjini, anaitwa Bundala Gramafoni. Mtu anaingia dukani kwetu, anatazama rafu, anauliza, "Na hizi nazo ni za ushirika?" Halafu anakwenda kununua kwa Selestini. Bundala hajibu. Ameniambia kwamba msimu wa pamba ukipita mambo yakiwa hivi hivi, anafunga duka na kurudi Zagayu kwa ng'ombe. Namjua. Akirudi na jina hilo, atazikwa nalo.

Wewe ulikuwepo siku ile ya mwisho. Jaribu kukumbuka, nani aliingia stoo ilimokuwa imewekwa?

Mimi dada yako,
Milembe


Stesheni, Tabora
2 Mei 1993

Dada yangu mpendwa Milembe,

Barua yako niliipokea kwa mikono miwili na kuisoma kwa utulivu mkubwa. Kuchelewa kuijibu kumesababishwa na majukumu ya stesheni, ambako mimi ndiye karani wa mizigo, na mizigo ya siku hizi haina huruma kwa mtu. Zamani behewa lilikuwa linakuja na magunia ya mahindi na mtu mmoja aliyelala juu yake. Sasa linakuja na magodoro, mitumba, vioo, baiskeli za Kichina, na wenyewe watano kila mmoja akisema lake limevunjika. Afya yangu ni nzuri isipokuwa kifua kidogo. Watoto wanasoma. Maembe yalikuwa mengi mwaka huu kupita kiasi. Tumefurahi sana kusikia mguu wa mama.

Kuhusu mguu, nina maana tumesikitika.

Kuhusu duka la shemeji, hongera nyingi sana. Kuhusu wimbo, nimefanya uchunguzi. Nimempata mchuuzi wa kaseti, mtu mwaminifu, ameapa kwamba kaseti hii ndiyo ya nyimbo za madukani za zamani. Nimeikabidhi kwa kondakta.

Kuhusu siku ile ya mwisho, miaka imekuwa mingi. Ninachokumbuka zaidi ni kwamba kulikuwa na jua kali.

Domitila anakusalimu sana wifi yake. Na kama kawaida yake ananiomba niandike kwamba anamshukuru tena shemeji Bundala kwa ile zawadi ya harusi yetu. Anasema kila akiitazama, anamwombea.

Ni mimi mdogo wako mtiifu,
Mayunga


Somanda, Bariadi
6 Juni 1993

Mdogo wangu Mayunga,

Mwadila, maana leo naandika jioni. Selestini amekwenda kwenye ubatizo na spika yake, Mungu awasaidie hao waliomwalika. Mama mguu ni ule ule. Nilimsomea kwamba mmefurahi kusikia mguu wake, akasema anajua.

Kaseti imefika. Upande wa kwanza ni harusi ya watu tusiowajua, bibi harusi analia na shangazi yake anaambiwa asogee asizibe kipaza sauti. Upande wa pili mtu anafundisha Kiingereza. Bundala aliipiga yote mpaka mwisho, akiwa na matumaini. Faida ni kwamba Joyness sasa anaamkia wateja kwa Kiingereza, na wanaogopa kuuliza kitu.

Ila watu waliposikia tunautafuta wimbo wa Kasoli, mambo yalibadilika kidogo. Wanaingia kuuimba. Kila mmoja anao wake. Mzee Machibya aliimba robo saa amefumba macho, akasahau hata ile habari ya chupi. Lakini wakimaliza kuimba, wanatazamana, halafu mmoja anasema, "Na mashine yenyewe je, Gramafoni?" Basi. Wanatoka. Nyanjige wa Kasoli ndiye anayeongoza, na ndiye aliyemtungia jina lile tangu mwanzo. Wiki iliyopita shemeji yako ameng'oa rafu moja. Anasema mbao zitafaa kwa zizi kule Zagayu. Msimu wa pamba ndio umeanza, kwa hiyo unaona siku zilizobaki.

Sasa nikuulize kitu kidogo. Nilipomsomea shemeji yako shukrani za Domitila, aliacha kula. Akauliza, "Zawadi gani?" Nikamwambia, si lile blanketi. Akasema, "Aa." Akanawa mikono akatoka, akasema anakwenda kuangalia mbuzi. Mayunga, sisi Somanda hatuna mbuzi.

Nikakaa kufikiri. Lile blanketi tulinunua mimi na yeye. Lilikuwa la kijivu, jembamba, ukiliinua unamwona mtu aliye upande wa pili. Linashukuriwaje miaka tisa, kila barua? Na tangu lini blanketi likatazamwa?

Jibu na lile swali la stoo. Jua kali nalikumbuka hata mimi.

Dada yako,
Milembe


Stesheni, Tabora
25 Julai 1993

Dada yangu mpendwa Milembe,

Natumaini mnaendelea vyema katika hali zote na kwamba mama anaendelea, na wewe unaendelea. Huku upepo ni mwingi na vumbi linaingia mpaka kwenye stakabadhi. Kifua changu kimepona.

Lile swali la blanketi nitalijibu nikipata nafasi. Leo nina habari kubwa kuliko blanketi. Wimbo wetu haupo.

Sikiliza. Nina rafiki yangu hapa stesheni ambaye kwa bahati anayo gramafoni, na kwa bahati anayo santuri ile ile. Ilikaa juu ya kabati miaka mingi kama pambo, kwa kukosa betri. Sasa betri zimejaa kila kibanda, mke wake akanunua mpya sita, tukaziweka. Watu wazima tumekaa mkao wa kusikiliza, tunamngoja mzee. Dada, akatoka mwanamke.

Mwanamke, tena ana haraka, na anaimba Kiswahili kitupu, neno kwa neno. Anamgombeza mume wake. "Umelala wapi wewe, viatu vina vumbi, shati lina vumbi, hata uongo wako una vumbi." Tukadhani mashine imeharibika. Tukaipeleka kwa fundi. Fundi akaifungua, akaifunga, akasema mashine ni nzima na hivyo ndivyo inavyotakiwa kwenda. Akasema betri zikichoka sahani huzunguka polepole, sauti inakuwa nzito, maneno yanavutika, na mwanamke anageuka mzee. Nikamuuliza mara mbili. Kwa hiyo yule mzee wetu, dada, hakuwahi kuzaliwa. Ng'ombe hawakurudi. Kilatini hakikuwepo. Sisi wote tulisimama kwenye foleni miaka mingi tukiburudishwa na mama anayemsuta mumewe, na betri zimekufa.

Mke wa rafiki yangu alilia. Alisema ameibiwa. Wala usidhani ni mashine nyingine, ni yenyewe kabisa, hata ule waya aliofunga shemeji kwenye kifuniko bado unashika.

Nimeona nikueleze ili msiendelee kupoteza muda na kaseti. Domitila anasalimu na anashukuru, kama kawaida.

Mdogo wako mtiifu,
Mayunga


Somanda, Bariadi
9 Agosti 1993

Mayunga,

Sisi wazima. Mama mzima. Ni kiangazi. Salamu zimekwisha.

Huyo rafiki yako anaitwa nani?

Waya wa mume wangu umefikaje kwenye kifuniko cha rafiki yako? Ule waya Bundala aliukata kwenye seng'enge ya zizi la baba yake, akaukunja kwa meno, na jino lililomeguka analo mpaka leo. Na mke wa rafiki yako anayelia kwa ajili ya wimbo wa foleni ya Kasoli ni nani, kama si yule binti wa Zagayu aliyekuwa anakuja dukani kila siku, ambaye sasa anaitwa mke wako?

Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta mahali pa kukuonea huruma. Miaka tisa mume wangu anaitwa hivyo. Amekataa kwenda kanisani Kasoli. Kwenye msiba anakaa nyuma. Kwenye harusi anatoka kabla ya ngoma, kwa sababu ngoma ikianza lazima mtu ataje gramafoni. Na wewe ulikuwa unajua, unaniandikia habari za maembe.

Bundala sijamwambia. Barua yako nilimsomea salamu tu, nikaikunja. Lakini rafu ya pili ameing'oa.

Ilete wewe mwenyewe, kwa mikono yako. Usimame hapa dukani useme kwa mdomo wako. Nakupa mpaka mwisho wa msimu wa pamba.

Milembe


Stesheni, Tabora
3 Oktoba 1993

Dada,

Niliichukua mimi.

Nimeandika barua hii mara sita, na zote zilianza na hali ya hewa. Hii ya saba nimeamua ianze hivyo.

Domitila alikuwa anakuja dukani kila siku, unakumbuka, na kila siku ananunua kiberiti. Kwao walikuwa na viberiti vya kuchoma Kasoli nzima. Mimi nikajua anakuja kwa ajili yangu. Hakuwa ananitazama. Alikuwa anaegemea kaunta na kusikiliza mpaka santuri iishe, halafu ananunua kiberiti kwa aibu ya kuondoka mikono mitupu. Ilipokuja amri ya kufunga duka nikaona kwamba siku ile ile wimbo ukinyamaza, ndiyo mwisho wa Domitila. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili na sikuwa na kitu kingine cha kumfanya mtu asimame. Nikaitia kwenye gunia la pamba, nikaifunga kwenye baiskeli.

Kumwambia nimeiiba nisingeweza. Kwao hawapokei cha wizi hata kijiko. Nikamwambia ni zawadi ya harusi kutoka kwa shemeji Bundala. Nilidhani ni uongo wa siku moja. Yeye akaanza kushukuru.

Nilitaka niitume kwa behewa la mizigo bila jina la mtumaji, ije yenyewe. Nilikuwa nimekwisha kuandika lebo. Ila kuna jambo limetokea. Mdogo wake Domitila anaolewa Zagayu. Domitila anakwenda, na ameamua kuipitisha gramafoni Bariadi, amwonyeshe shemeji jinsi tulivyoitunza, amshukuru ana kwa ana mbele ya watu, kama inavyotakiwa. Nimemwambia ni nzito. Akasema ataibeba. Nimemwambia itavunjika. Akaifunga kwa kitenge cha harusi yetu. Mara tatu nimefungua mdomo nimwambie ukweli, na mara zote tatu nimeuliza chakula kiko wapi.

Dada, unaona itakavyokuwa. Akimshukuru shemeji mbele ya watu wa Kasoli, watasema kumbe ni kweli, mali ya ushirika aliigawa kwa ndugu za mkewe. Nitakuwa nimemmaliza kwa mara ya pili. Anashuka treni Malampaka Ijumaa na atafika Bariadi Jumamosi. Mzuie. Mpokee stendi, umpeleke kwa njia ya nyuma, mwambie shemeji amesafiri, mwambie chochote, wewe unajua kusema.

Mayunga


Somanda, Bariadi
17 Oktoba 1993

Mdogo wangu Mayunga,

Mama hajambo. Mguu umepata nafuu tangu Jumamosi ya tarehe tisa, nadhani kwa sababu ya kucheka. Joyness amemaliza mtihani. Mvua ya kwanza imegusa Kasoli. Mke wako yuko hapa, anakula vizuri, na hakutumii salamu.

Barua yako ya kumzuia Domitila imefika siku sita baada ya Domitila. Wewe ni mtu wa reli, ulipaswa kujua kipi kinafika kwanza.

Duka siku hiyo lilikuwa na watu, maana ilikuwa siku ya mnada. Hawakuja kununua, walikuja kutazama Bundala anavyong'oa rafu ya tatu. Nyanjige alikuwepo, na Mzee Machibya, na wengine wa Kasoli kama kumi. Domitila akaingia na mzigo kichwani, akautua kwenye kaunta, akapiga goti.

"Mwadila, shemeji," akasema. "Miaka tisa nakushukuru kwa barua. Leo nimekuja kukushukuru kwa mdomo." Akafungua kitenge.

Selestini alizima spika. Alitoka nje kuona kwa nini hakuna anayetazama kwake, akaja kusimama mlangoni kwetu.

"Si niliwaambia?" akasema Nyanjige. "Kumbe alimpa shemeji yake."

Nikamtazama Bundala. Ana nyundo mkononi, anamwangalia mke wako pale chini, na mke wako uso umejaa furaha, amesafiri siku mbili na mzigo ule kwa ajili ya neno moja la asante. Nikaona midomo ya mume wangu inaanza kusogea.

"Karibu, shemeji," akasema. "Inuka. Ni kweli, nili..."

"Si kweli," nikasema mimi. "Aliichukua Mayunga. Ndugu yangu, tumbo moja."

Nimekutaja, Mayunga. Nilitaja jina lako, na la baba yetu nikaliongeza, ili wasidhani ni Mayunga mwingine. Tangu uzaliwe sijawahi kukusema vibaya mbele ya watu. Lakini yule mtu alikuwa anakubali kuwa mwizi kabisa, kwa hiari yake, ili mke wako asione aibu. Sikuweza kusimama pale na kumwachia.

"Unamtetea mumeo," Nyanjige akasema. "Mke gani asiyemtetea mumewe?"

Hapo hasira ikanipanda, na ikaniletea akili. Nikachukua betri mpya sita rafuni, nikazitia, nikaweka santuri. Akatoka yule mwanamke wako wa vumbi. Duka zima likakunja uso. Mzee Machibya akasema, "Huo si wimbo wetu. Mmebadilisha." Nikazitoa. Bundala ana kopo lake la betri zilizochoka, mpaka leo anazianika juu ya bati kwa ajili ya redio yetu ya nyumbani, na betri mpya zimejaa mgongoni kwake. Nikatia sita za humo. Na mzee wetu akatoka, yule yule, polepole, na mkwaruzo wake. Mzee Machibya akavua kofia. Mama alikuwa kwenye kigoda mlangoni, akasema, "Msikieni, ng'ombe wamerudi."

"Mnajua kwa nini anaimba hivi?" nikawauliza. "Betri mpya zilikuwepo dukani Kasoli, za mgawo, za kwenu. Mlizinunua mkatia kwenye tochi. Zikifa mnazitupa nyuma ya duka. Bundala akaziokota, akazianika, akazitia humu. Miaka yote aliyokuwa meneja hakuchukua betri mpya ya ushirika hata moja, wala kwa gramafoni ya ushirika yenyewe. Ndiyo maana hamjawahi kusikia wimbo huu unavyokwenda. Mtu aliyeogopa kuchukua betri, mnasema alibeba mashine nzima?"

Santuri ikaisha. Nyanjige akatazama zile betri kuukuu moja moja, akasema, "Irudie." Hajui kuomba radhi, hana mazoezi. Lakini aliponunua sabuni mbili nikaelewa.

Mke wako alikuwa amekwisha kukaa juu ya gunia la chumvi. Akaniuliza taratibu, "Wifi, sasa shemeji mwenyewe alitupa nini?" Nikamwambia, blanketi. Akasema, "Lile la kuonana?" Mama ndiye aliyeanza kucheka, na duka zima likamfuata. Hata Domitila alicheka, machozi yanamtoka, na mengine hayakuwa ya kucheka, nisikudanganye. Amesema harudi Tabora mpaka uje umchukue mwenyewe, na kabla ya kumchukua useme hapa kwenye kaunta yale uliyoniandikia mimi kwenye karatasi, pamoja na habari ya viberiti. Viberiti nilimsomea mimi, barua yako ilipofika. Aliniomba nirudie, halafu akauliza kama ulikuwa na miaka ishirini na mbili kweli. Njoo, Mayunga. Hali si mbaya sana, ila njoo.

Tuliipeleka gramafoni ofisi ya kijiji Kasoli. Wamesema wana fomu ya kitu kilichopotea na fomu ya kitu kilichoharibika, ila hawana fomu ya kitu kilichorudi. Kwa hiyo ipo hapa dukani inangoja fomu, na inaimba. Selestini amepunguza spika ili asikie.

Jioni ile, tunafunga mlango, nilimuuliza shemeji yako kama alikuwa anajua.

"Nilimwona," akasema. "Gunia la pamba kwenye baiskeli, mwezi wa kumi na mbili. Pamba gani ya mwezi wa kumi na mbili?"

"Kwa nini hukusema?"

"Ningemshtaki ndugu yako," akasema, "wewe ungebaki kwangu?"

Nikasukuma komeo. Nilikuwa na watoto wadogo na hasira nyingi wakati ule, na kwa kweli sijui.

Rafu amezirudisha zote. Jina nalo halikupotea, usiwe na wasiwasi, limehamia kwako. Huku sasa wanauliza Mayunga Gramafoni anakuja lini. Utalibeba, bado una nguvu.

Juzi, Ijumaa, aliingia mtu mmoja wa Zagayu, hata simjui. Akaegemea kaunta akasema, "Bundala, nipimie nusu kilo ya sukari." Bundala tu, akaishia hapo. Shemeji yako akasimama na kijiko mkononi. Akamwambia, "Sikukusikia vizuri." Dukani kulikuwa kimya kabisa. Yule mtu akarudia, kwa sauti zaidi, "Bundala, sukari, nusu kilo."

Akampimia kilo nzima.

Dada yako anayekungoja,
Milembe